Umeme lazima urudi: ule waya tunaousahau kwenye gari na kwenye friji

Mwaka juzi gari yangu ilianza kituko ambacho kilinichanganya kabisa. Usiku nikikanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka wakati sijawasha taa yoyote. Nikiwasha taa afu nikaweka indiketa ya kulia, taa nyekundu ya nyuma upande uleule nayo inaanza kukonyeza, inafifia inarudi, inafifia inarudi. Fundi wa kwanza akabadilisha globu, wa pili akasema ni swichi ya breki, wa tatu akaanza kufungua dashibodi kwamba kuna waya zimegusana huko ndani, na mpaka hapo nshatoa kama shilingi 85,000 na tatizo liko palepale.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari huku kwetu Kigamboni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza, wala hakugusa boneti. Alifungua buti, akachomoa taa ya nyuma, akachukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kwenye waya mweusi wa ile taa na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, akasema kanyaga breki. Nikakanyaga. Kila kitu kikatulia.

"Mwanangu, wote mlikuwa mnatafuta umeme unatoka wapi. Hakuna aliyeuliza unarudi wapi."

Toka siku ile nimetengeneza vitu vingi mwenyewe, vya gari, vya pikipiki ya mdogo wangu, vya nyumbani, na kiukweli sehemu kubwa ya matatizo yaliyonisumbua yalikuwa upande huo wa kurudi. Ndo maana nataka nieleze hii kitu taratibu, kwa sababu ukishaielewa vituko vingi vya umeme vinaacha kuwa vituko.

Tuanze na gari. Umeme unatoka kwenye chanya ya betri, unapita fyuzi, swichi, unafika kwenye globu, afu lazima urudi kwenye hasi ya betri. Usiporudi hautembei, hata kama volti 12 zimefika kwenye globu zote kamili. Watengenezaji wa magari kwa kubana waya hawakuweka waya wa kurudi kwa kila taa mpaka kwenye betri, walitumia bodi yenyewe, kwa hiyo kila taa ina kawaya kafupi, mara nyingi keusi, kamefungwa na bolti kwenye chuma kilicho karibu. Hiyo ndo mafundi wanaita bodi au eathi ya gari. Na taa ya nyuma ina globu kadhaa, breki, paking, indiketa, rivasi, na kwenye magari mengi zote zinatumia kawaya kamoja tu kurudi.

Sasa ile bolti ikiota kutu inakuwaje? Umeme wa breki unafika kwenye globu, unapita uzi wa breki (ule uzi mwembamba wa ndani ya globu unaong'aa), unakuta njia ya kurudi imefungwa. Wakazi wa Dar mnajua Jangwani ikifungwa kwa mafuriko, magari hayarudi nyumbani kulala, yanajipenyeza kwenye vichochoro. Umeme nao hivyohivyo. Globu ya breki na paking huwa ni moja yenye nyuzi mbili, wati 21 na wati 5, na zile nyuzi zimeungana upande wa kurudi. Umeme uliotoka uzi wa breki unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa paking, unaingia kwenye waya wa paking ambao unaenda mpaka taa za dashibodi na taa ya paking ya upande wa pili, unapita humo ndo unapata bodi nzima. Kwa hiyo ukikanyaga breki dashibodi inawaka. Hakuna waya ulioungana, hakuna swichi mbovu, ni bolti moja tu namba 10 ndani ya buti. Na sisi wa huku karibu na bahari chumvi inakula zile bolti haraka sana, gari ya Dodoma inaweza kukaa miaka mingi bila kuona hii shida.

Kuna moja nyingine ya aina hii ambayo ni ya hatari kabisa. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na bodi moja kwa moja, kwa hiyo kuna waya mnene au mkanda wa waya uliosukwa unaounganisha injini na bodi au betri. Ule ukikatika au ukilegea, stata, ile mota ya kuwashia injini, inayovuta ampia 100 na zaidi, bado inataka kurudishia umeme wake, na inaweza kurudia kwenye kebo ya akselereta au ya gia, kitu chembamba ambacho hakikutengenezwa kupitisha umeme hata kidogo. Ndo unasikia mtu anasema nikipiga stata kebo ya akselereta inatoa moshi. Mtu wa hivyo asinunue kebo mpya kwanza, aangalie ule waya wa injini.

Kupima hii kitu kwenye gari ni rahisi na multimita, kale kamashine ka kupimia umeme, ya bei ya chini inatosha. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuweka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, akapima waya ukiwa umekaa tu, ikasoma sifuri, akasema waya mzima. Waya wenye nyuzi 30 ukibakiwa na nyuzi 2 bado utasoma sifuri, ila ukiudai ampia 9 unashindwa. Inabidi upime mzigo ukiwa unafanya kazi. Weka multimita kwenye volti za DC, washa taa, pini nyeusi iguse hasi ya betri, kichwa chenyewe cha betri na sio klipu, na pini nyekundu iguse ule waya mweusi nyuma ya globu. Hapo unapima volti zinazopotelea njiani kurudi. Ikisoma chini ya 0.2 njia ni safi, ikisoma 1 au 2 umeshapata mchawi wako, rudi nyuma bolti kwa bolti mpaka uone pale namba inaporuka. Kwa upande wa stata unafanya vilevile, pini nyeusi kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye chuma cha injini huku mwenzako anapiga stata, ikizidi nusu volti kuna kazi hapo.

Ukishapapata, fungua bolti, piga msasa chini ya kichwa cha waya na pale kwenye bodi mpaka chuma king'ae, kaza, afu ndo upake grisi au mafuta mazito kwa juu ili hewa ya chumvi isiingie. Rangi isibaki katikati, rangi haipitishi umeme, na hili linasahaulika sana gari ikitoka kupigwa rangi upya.

Kwa nini volti 1 ni shida wakati zimebaki 11? Kwa sababu mwanga wa globu za kawaida unashuka haraka kuliko volti, ukipoteza volti 1 kati ya 12 umepoteza kama robo ya mwanga. Taa kubwa mbili za wati 55 zinavuta ampia 9 hivi, na ungio lenye ukinzani wa 0.1 omu tu, kitu ambacho multimita ya bei rahisi haiwezi hata kukionesha vizuri, linakula karibu volti 1 na kutoa joto la wati 8 pale kwenye kipande kidogo kama kucha. Watu wananunua globu za wati 100 kuongeza mwanga, umeme unaopita unakaribia kuwa mara mbili, ungio linazidi kuchemka, mwisho konekta inayeyuka. Mi nashauri safisha maungio kwanza, afu kama bado unataka taa kali funga rilei, ambayo ni swichi inayowashwa na umeme mdogo wa swichi yako ya zamani huku yenyewe ikipitisha ule mkubwa kutoka betri moja kwa moja. Pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuiwasha, moja kwenye swichi moja kwenye bodi. Na hiyo fyuzi ikae karibu na betri, isikae karibu na taa, maana waya ulioko kabla ya fyuzi hauna anayeulinda.

Hapo kwenye fyuzi nikae kidogo. Fyuzi hailindi redio wala taa, inalinda waya usiwake moto. Kwenye gari zile za plastiki 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani, na mtu akiona nyekundu inakatika kila siku anaweka kijani, au anaviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa furaha kwamba haikatiki tena. Ni kweli haikatiki, sasa hivi kitakachokatika ni waya mwembamba ulioko chini ya kapeti. Betri ya gari haikupigi shoti ukiishika kwa mikono mikavu, ila ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampia kwa mpigo na hizo zinachoma gari mpaka ibaki chesisi. Ndo sababu pia tunafungua waya wa hasi kwanza na kuufunga mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, njia ya kurudi ipo wazi na utaona cheche za kulehemu. Ukishatoa hasi, hata spana ikigusa, umeme hauna pa kurudia.

Kuna na lile la betri kuisha ikilala. Toa waya wa hasi, weka multimita kwenye ampia 10 katikati ya ule waya na betri, milango imefungwa, subiri dakika kama 20 au 30 kompyuta za gari zilale. Chini ya 0.05 ni kawaida. Ukikuta 0.5 ina maana unapoteza ampia-saa 12 kwa siku, betri ya 45 inakufa ndani ya siku tatu nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige stata multimita ikiwa pale, utaichoma.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, na hapa nabadilisha sauti kabisa kwa sababu volti 230 hazisamehi. Yale ya kupima mzigo ukiwa unawaka yabaki kwenye gari. Nyumbani mi najiwekea mpaka, nagusa waya wa kifaa, plagi, holda ya taa, kapasita ya feni, na kabla ya kugusa nachomoa au nazima mein swichi, najaribu testa, ile bisibisi yenye kataa ka kuonesha umeme, kwenye soketi ninayojua ina umeme, najaribu pale ninapotaka kufanya kazi, afu narudi kwenye umeme kuhakikisha testa haijafa katikati ya safari. Waya za ukutani na bodi ya breka ni za fundi mwenye leseni, leseni ambayo kwa Tanzania inatolewa na EWURA na kwa Kenya EPRA, mamlaka za kusimamia nishati. Na maikrowevu usiifungue kabisa, ndani kuna zaidi ya volti 2,000 na kapasita inayobaki na umeme hata ukishachomoa.

Hadithi ni ileile ya kurudi. Laivu inaleta, ya zamani nyekundu na ya sasa kahawia, nyutro inarudisha, ya zamani nyeusi na ya sasa bluu, na kijani au kijani na njano ni eathi, njia ya dharura. Nyumba nyingi kwetu zina rangi za zamani na mpya kwa pamoja, kwa hiyo mtu wa magari aliyezoea kwamba nyeusi ni bodi na nyekundu ni chanya awe makini sana.

Umeshawahi kukuta nyumba haina umeme kabisa lakini testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi? Watu wanaita kila jina, wengine wanasema fezi zimechanganyika. Kinachokuwa kimetokea mara nyingi ni nyutro kukatika huko nyuma. Umeme unakuja kwenye laivu, unapita kwenye kifaa chochote kilichoachwa kimewashwa, taa au friji, unatokea upande wa pili kwenye nyutro na kukwama pale, kwa hiyo ule waya ambao siku zote ulikuwa mpole sasa una volti 230 zake kamili. Zima vifaa vyote uchomoe, utaona testa inaacha kuwaka upande wa nyutro. Mtu akisema "hakuna umeme" akashika nyutro kwa mkono hapo ndo tunampoteza.

Na nyutro ikikatika kwenye nguzo ambako fezi tatu, yaani laivu tatu tofauti, zinagawana mtaa, ni mbaya zaidi, maana nyumba zinaanza kurudishiana umeme zenyewe kwa zenyewe kati ya fezi na fezi ambako kuna volti 400. Nyumba yenye mzigo mkubwa taa zinafifia, ya jirani mwenye mzigo mdogo taa zinang'aa kupita kawaida na tivii na chaji zinalipuka. Ukiona ghafla taa zimekuwa kali mno usisubiri kuelewa, zima mein swichi, ndo upige simu TANESCO, au Kenya Power kwa wa huko.

Tofauti moja kubwa ya gari na nyumba ambayo imenichukua muda kuielewa ni kwamba ungio bovu nyumbani halijioneshi. Kwenye gari ukipoteza volti 4 kati ya 12 taa inakuwa kama mshumaa, utashtuka. Nyumbani birika la umeme la wati 2,000 linavuta ampia 8.7, plagi iliyolegea yenye ukinzani wa nusu omu inakula volti 4 na kidogo tu kati ya 230, chai inachemka kama kawaida hakuna anayejua, huku ndani ya plagi kuna wati 38 za joto, ni sawa na kufungia pasi ya kulehemu ndani ya plastiki. Kwa hiyo nyumbani macho hayatoshi, tumia mkono na pua. Birika likimaliza kuchemsha chomoa ushike plagi kwa nje. Ikiwa ya moto kuliko vuguvugu, au pini zina weusi, au inanuka kama samaki aliyeungua, hiyo plagi au soketi imeshaanza safari ya kuwaka. Ekstensheni iliyoviringishwa nayo inachemka hata ikiwa nzima, inyooshe yote kabla ya kuweka mzigo mkubwa.

Kuunga waya wa pasi, ambao siku zote unakatikia pale unapojikunja, kata kipande kibovu chote urudishe waya ndani ya pasi kwenye skrubu zake, usisokote katikati ukafunga tepu. Na waya uwe wa pasi, ule wa kitambaa au mpira unaostahimili joto, wenye nyuzi tatu, yaani laivu, nyutro na eathi. Plagi za pini tatu za kwetu zina fyuzi ndani, 13 ni ya pasi na birika, redio na taa ya mezani waweke 3.

Sasa hiyo ya nyuzi tatu inanileta kwa mama mdogo. Kwake kulikuwa na kandambili za kufungulia friji, zimekaa kabisa mbele ya mlango wa friji na watoto wote wanajua kwamba ukienda pekupeku inakung'ata. Ni jambo ambalo nimelikuta nyumba nyingi sana na watu wanalichukulia la kawaida. Friji yoyote huvujisha umeme kidogo kwenye bodi yake, ule unatakiwa urudi kupitia eathi, kama eathi haipo unakaa kwenye mlango unasubiri mtu asiye na viatu awe yeye ndo njia ya kurudi. Leo ni kung'atwa, siku waya wa ndani ukichubuka ukagusa bodi ni kifo, na kandambili ikiwa imelowa haisaidii kitu.

Kuna fundi aliwahi kumtengenezea hapo nyuma. Alichofanya ni kuunga pini ya eathi na nyutro ndani ya soketi, na kweli kung'ata kukaisha. Ila rudini pale kwenye nyutro iliyokatika. Siku ile nyutro inapata volti 230, na mlango wa friji nao unazipata, kwa sababu sasa ni waya mmoja. Bahati nzuri soketi ile ilikuja kubadilishwa kung'ata kukarudi kabla nyutro haijakatika, la sivyo sijui.

Tukatafuta fundi mwenye leseni. Akakuta waya wa eathi umetoka vizuri kwenye bodi ya breka mpaka nje ukutani afu ukaishia hewani, ile nondo ya shaba ya kuzikwa ardhini haikuwepo, labda ilishang'olewa ikauzwa chuma chakavu. Akapigilia mpya, akafunga na RCD ya miliampia 30, ambacho ni kifaa kinachohesabu umeme ulioenda kwenye laivu na uliorudi kwenye nyutro, ikiona haviko sawa ina maana kuna sehemu unarudia njia nyingine, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata chapuchapu kabla moyo haujapata madhara. Ina kitufe kimeandikwa T, nilimwonesha mama mdogo akibonyeze mara moja moja aone kama kinakata.

Siku ile jioni alienda mwenyewe kuchukua maji, akasimama mbele ya friji, akaangalia zile kandambili, akaniuliza "Una uhakika baba?" Nikamwambia nimepima, gusa. Akavua viatu alivyovaa, akafungua.